Matofali ya Karatasi kule Musanda

Juzi mjukuu wangu Brenda aliniita kwake, mtaa wa Amalemba, nikaone chumba chake. Amepanga chumba kimoja, amekipamba mwenyewe, na ukuta mmoja mzima ameubandika karatasi ya matofali mekundu. "Kuka, umeona?" akaniuliza mimi babu yake, mikono kiunoni. Nimeona. Nimeona pia kwamba kufika karibu na dirisha matofali yameanza kupanda juu, na kwenye kona kuna moja limekatwa likabaki upana wa kidole. Mtoto amefurahi, mimi ni nani nimharibie siku? Nikakaa kwenye kiti chake cha plastiki, magoti yakiniuma, huku nikielezwa kwamba kitu hiki ni kipya, zamani hakikuwako.

Hakikuwako! Nyinyi vijana mna maneno. Mimi nimebandika matofali ya karatasi hapa Kakamega tangu Uhuru ukiwa bado mchanga, wakati wazazi wenu wengi hawajazaliwa. Nilipomwambia Brenda hivyo alicheka, akasema basi niandike, vijana wasome. Haya, naandika. Lakini nimechoka, msinidai mambo kwa mpangilio. Na kuna jambo moja nimelibeba miaka yote hii. Nikilifikia nitalisema, halafu mtaniacha nipumzike.

Kazi nilifundishwa na Fundi Kasim, mtu wa Mumias, mfupi, mkali, msafi kuliko karatasi yenyewe. Alikuwa amejifunza kwa wazungu, akipamba nyumba zao mjini. Hangeingia chumba chochote bila kusema "Asalaam aleikum", hata kama chumba ni kitupu. Nikamuuliza siku moja anamsalimu nani. Akasema, "Ukuta. Wewe utaufanyia kazi siku tatu na hata hujausalimu?" Nilidhani mzee amechanganyikiwa. Siku hizi na mimi nasalimia kuta, mke wangu ananisikia kutoka jikoni anasonya.

Kwa Kasim karatasi ya maua ilikuwa kazi ya likizo. Ua halina mlalo, alikuwa akisema, ukilipinda kidogo nani atajua? Tofali ndilo lenye ubishi. Mtu akiingia mlangoni, hata kama hajaona darasa, jicho lake linajua tofali linalalaje. Kwa hiyo unaangusha timazi kwanza, ile kamba yenye kipande cha risasi mwishoni, unapiga mstari wa chaki. Usiuamini mlango. Usiiamini kona. Nyumba zote zimepinda, hata za wazungu. Unaanzia katikati ya ukuta ule anaoukuta mgeni akiingia, unahesabu kwenda kulia na kushoto, ili kona zote mbili ziishie kwa nusu tofali. Brenda alianzia kona. Sikumwambia.

Gundi tulipika wenyewe kwa unga wa ngano. Unaukoroga kwanza kwa maji baridi, kisha ndio unamimina ya moto, la sivyo unapata mabonge kama uji wa mtu mvivu. Unatia mrututu kidogo, ile dawa ya buluu, ili mende wasije kula ukuta wa watu. Ukishapaka karatasi unaikunja, unaiacha muda wa kunywa kikombe cha chai, kwa sababu karatasi ikilowa inanyooka. Ukiibandika kabla haijamaliza kunyooka itanyookea ukutani, na hapo utaona mikunjo mpaka ulie.

Na kabla ya yote, unaupima ukuta kama umekauka. Si kwa kiganja. Kiganja cha fundi kimekufa, hakisikii baridi. Unaweka shavu. Kasim alikuwa anaegemeza shavu lake ukutani, macho kafumba, wenye nyumba wanatazamana. "Ukiwa baridi, funga vifaa uende nyumbani," aliniambia. "Rudi baada ya wiki mbili. Wakikasirika wakasirike."

Kumbukeni hilo la shavu.

Makosa nimefanya, sitawadanganya. Kuna bwana mmoja, afisa mpya, alikuwa amehamia nyumba iliyoachwa na mzungu, akataka sebule yake iwe ya matofali. Kasim alicheka mpaka akakohoa. Nyumba yenyewe ilikuwa ya matofali, wakaipiga lipu kuyaficha, sasa wanataka karatasi ya matofali juu ya lipu! Lakini kazi ni kazi. Sasa, tofali la karatasi limechorwa kivuli chini yake ili lionekane limetokeza. Mimi nikabandika kipande kimoja juu chini. Sikuona, Kasim hakuona, afisa hakuona. Mke wake alituletea chai, akasimama akitazama, akasema kwa upole kabisa, "Fundi, kwa nini hapa jua linatokea chini?" Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Kasim alinibandulisha kipande chote kwa maji ya moto.

Nyumba ile ilituachia roli tisa za karatasi ya matofali. Mzungu alikuwa ameziweka stoo, afisa akatumia chache tu, zingine akasema tuondoke nazo. Kasim wakati huo kifua kilikuwa kinamsumbua, akarudi kwao Mumias, roli akaniachia mimi. Ndizo zilizonifikisha Musanda.

Mwalimu Zakaria alinitafuta siku ya Jumatano. Kijana mtanashati, viatu vinang'aa, anafundisha shule ya msingi. Alikuwa anataka kumwoa msichana anaitwa Rispa, binti wa karani mmoja wa hapa mjini, na wazee walikuwa wameshaanza kuzungumza. Baba wa msichana akasema jambo moja tu: binti yangu amelelewa ndani ya nyumba ya matofali, sitaki kusikia ameenda kuokota mavi ya ng'ombe kusiriba ukuta. Zakaria akamwandikia barua. Akaandika kwamba nyumba yake ni ya matofali.

"Na ni ya matofali?" nikamuuliza.

Akatazama viatu vyake. "Ni ya udongo, fundi. Mabati iko juu, lakini ukuta ni udongo. Na Jumamosi masenje wanakuja kuona boma."

Nyinyi wa siku hizi mnapelekana kwa simu na picha. Kwetu, kabla msichana hajatolewa, shangazi zake, masenje, wanakuja kuangalia pale anapokwenda. Wanakaa, wanakula, wanatazama. Hawaulizi sana. Senje mzima akiingia nyumba yako anapitisha kiganja ukutani kama anayetafuta pa kujishikia, kumbe anasoma.

Nikamwambia Zakaria karatasi si ukuta. Akasema wataingia ndani moja kwa moja, nje atapaka chokaa, wataona sebule tu, na mwaka ujao atajenga kweli. Alikuwa anampenda yule msichana, hilo sikulitilia shaka, sauti ilikuwa inamkatika. Nilikuwa kijana pia. Nikafunga roli zangu nikaenda.

Tulifika kwao Musanda Alhamisi asubuhi. Mama yake alikuwa ndani, amepiga magoti, anamalizia ukuta wa sebule. Wageni wa ndoa hawapokelewi kwenye ukuta wa zamani, kila mwanamke wa kwetu anajua, kwa hiyo yule mama alikuwa amesiriba nyumba nzima tangu Jumatano. Mwanawe hakuwa amemwambia chochote. Nilimuuliza Zakaria baadaye kwa nini. Akasema aliona vigumu.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu mimi kuta nazijua. Nimebandika nyumba za maafisa na za wahindi. Sijapata kuona ukuta kama ule. Alikuwa amechekecha udongo wa kichuguu, akachanganya na mavi ya ng'ombe na jivu, akaupaka kwa kiganja, bila mwiko, bila kamba, na ukingo wa juu ulikuwa umenyooka. Niliupima kwa timazi, kimoyomoyo nikitaka nimkute na kosa. Sikumkuta. Vidole vyake vilikuwa vimeacha mapinde madogo madogo kutoka upande mmoja mpaka mwingine, yote sawa.

"Mulembe, mwanangu," akanisalimu. "Wewe ndio fundi? Fundi wa nini?"

Zakaria akamwambia ni mambo ya urembo tu, juu ya ule wake. Mama akatazama roli, akatazama ukuta, akafuta mikono kwenye leso.

"Sawa," akasema. "Mimi nimesiribanga tangu niko msichana, lakini nyinyi ndio mmesoma."

Nikaweka shavu langu ukutani. Ulikuwa baridi kama mtungi.

Nilipaswa kufunga vifaa. Niliyajua hayo kama ninavyojua jina langu. Lakini Jumamosi ilikuwa kesho kutwa, na Zakaria alikuwa amesimama pale akinitazama usoni, nikajiambia ni ubaridi wa asubuhi. Nikawasha majiko mawili ya makaa ndani, nikafunga dirisha, tukaukausha ukuta siku nzima kama samaki. Jioni shavu likasema kumekauka. Juu kumekauka, ndani kumelowa. Mjinga nani? Mimi.

Ijumaa nikabandika. Kazi ilikuwa nzuri, sitajinyima. Mistari imekutana, kona zimeishia nusu kwa nusu. Zakaria alizunguka chumba akicheka peke yake. Mama akaja akasimama mlangoni muda mrefu.

"Ni nzuri," akasema. Halafu akaniuliza taratibu, "Kwa hivyo mkono wangu uko huko ndani?"

"Uko ndani, mama."

"Haya."

Zakaria aliniomba nibaki Jumamosi, pengine kona itaachia. Nikavaa shati safi, nikakaa karibu na mlango, nikatambulishwa kama rafiki kutoka mjini. Masenje walikuja watatu. Mkubwa wao ni Senje Dorika, mwanamke mrefu, mpole, wa kuogopwa. Alipitisha kiganja ukutani, akakiondoa, akakaa. Zakaria akaniangalia na jasho puani.

Mama akaandaa obusuma, ugali wetu, na ingokho, kuku mzima kwenye sufuria kubwa mezani, mchuzi unanukia. Ilikuwa mchana, jua limepiga mabati, chumba kimekuwa moto. Ndipo nikasikia sauti. Ni sauti ndogo, kama mtu anachana kitambaa polepole ili asiamshe wengine. Nikatazama juu. Kipande cha katikati, kile nilichoanzia, kilikuwa kimejitenga na ukuta na kinainama kutusalimu.

Kikaja chini chote. Na hakikuja peke yake. Gundi yangu ilikuwa imeshika usiribaji wa mama, na usiribaji haujashika ukuta, kwa hiyo karatasi iliubandua wote, ikatua mezani, nusu ndani ya mchuzi wa kuku. Hatujakaa sawa, cha pili kikafuata. Pale kwenye ukuta zikabaki fito na udongo mkavu.

Hakuna aliyecheka. Leo nyinyi mngecheka, na hata mimi ningetamani mtu acheke. Senje Dorika alinyoosha mkono, akakishika kipande cha karatasi kwa ncha za vidole, akakigeuza. Udongo ukapukutika, na nyuma ya karatasi kukabaki alama ya yale mapinde ya vidole vya mama, yameganda pale kama yalivyokuwa. Akayaangalia sana.

"Barua ilisema matofali," akasema.

Mwalimu mzima, ambaye darasani watoto wanamwogopa, hakufungua mdomo.

"Udongo si neno," senje akaendelea. "Mimi mwenyewe nalala kwa udongo. Kaka yangu ndiye anajifanya mtu wa mjini. Mimi nimekuja kujua kitu moja tu: tunapeana mtoto kwa muongo?"

Nikaona kila kitu kimeisha, Rispa ameenda, na ni ukuta wangu uliommaliza. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sahani ya obusuma mkononi. Akaiweka chini.

"Senje, ni mimi," akasema. "Mimi ndio nilitaka hiyo karatasi. Mikono yangu imechoka na kusiriba. Nilimsumbua huyu mtoto kila siku, nikamwambia tafuta kitu ya kubandika nipumzike. Hata hiyo barua, mimi ndio nilimwambia aandike matofali. Yeye alikuwa anakataa."

Yule mama hakujua kusoma. Na barua yenyewe alikuwa ameisikia dakika ile ile, kwa mara ya kwanza.

Senje Dorika hakuwa mtoto. Alitazama mapinde yale kwenye karatasi, akatazama mikono ya mama, na nadhani alijua mikono iliyochoka haifanyi kazi ya namna ile. Lakini alitaka mtu wa pili aseme. Akageuka kwangu.

"Wewe mwenye vidole vyeupe. Wewe ndiwe fundi, ama? Nani alikuita hapa?"

Gundi ya ngano ikikauka kwenye kucha haitoki kwa urahisi. Nikaangalia Zakaria. Alikuwa anatazama viatu. Nilimngoja, wallahi nilimngoja kijana yule aseme "Ni mimi." Ni maneno mawili tu. Nikaangalia mama. Alinitikisia kichwa kidogo sana, ananiomba.

"Ni mama," nikasema.

Senje akapumua. Akasukuma sahani mbele yake, akamwangalia mama kwa huruma, huruma ya kweli, sikuona dhihaka.

"Basi pumzika, dada. Binti yetu ana mikono. Tukimleta hapa, wewe hutashika udongo tena. Nitamwambia mimi mwenyewe."

"Orio," mama akasema. Asante.

Wakaletewa mchuzi mwingine, wakala, wakaondoka vizuri. Zakaria alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akatikisa, machozi yanamlenga, akasema hatanisahau. Nilitaka kumpiga kofi. Sikumpiga, nikaenda ndani kukusanya takataka yangu.

Mama alikuwa ameshaleta ndoo ya udongo. Amepiga magoti mbele ya zile fito, kiganja kimejaa, ameanza kona ya chini. Nikamwambia nitamchotea maji. Akapaka mara mbili, tatu, kisha akasimamisha mkono.

"Fundi," akasema, "nimesema nimechoka. Kesho watu wakisikia nimesiriba, watasema nini juu ya mtoto?"

Akaurudisha udongo ndani ya ndoo. Akakaa chini, akaweka viganja juu ya mapaja, vimechafuka hivyo hivyo, na nikamwona anaelewa. Mimi pia nilielewa saa ile. Nikabeba meza yangu na brashi zangu nikaenda zangu.

Baada ya hapo nilibandika karatasi miaka mingi, mpaka rangi za kisasa zikatuua na tukawa wapaka rangi. Matofali nilikataa. Mtu akitaka matofali nilimwambia sina, hata nikiwa nayo kitandani.

Rispa aliolewa. Na siwezi kumsema vibaya, aliufuata ule usemi wa senje wake kama amri ya kanisani. Zakaria akajenga nyumba ya matofali ya kuchoma baada ya muda. Mama alibaki na kajumba kake ka udongo nyuma, na huko pia aliyekuwa akisiriba ni Rispa. Niliyasikia haya kwa watu, kwa sababu mwenyewe sikurudi Musanda mpaka mama alipokufa.

Nilikwenda mazishini. Nilichelewa, nilikuta watu wameanza kutawanyika. Rispa alinitambua, akaniweka kivulini kando ya ile nyumba ndogo, akaniletea chai. Amekuwa mwanamke mnene, mkarimu, macho yamevimba kwa kulia. Niliutazama ukuta wa kajumba kale. Ulikuwa umesiribwa vizuri, lakini ukingo wa juu ulikuwa umepinda, na hapakuwa na mapinde ya vidole.

"Tulimpumzisha, fundi," akaniambia. "Hiyo ndiyo inanifariji. Tangu nije hapa hajashika udongo hata siku moja. Alikuwa anakujanga kusimama nyuma yangu nikisiriba, anaangalia tu, anaangalia mpaka nimalize. Wakati mwingine mkono unamtoka hivi, kama anataka kushika. Namwambia, 'Mayi, kaa, wewe ulichoka.' Anarudi kukaa." Akafuta uso kwa leso. "Wewe ulikuwako ile siku. Ni kweli alikuwa amechoka sana, ama?"

Zakaria alikuwa hatua chache kutoka pale, anaagana na wageni. Alitusikia. Nikaona mgongo wake umekakamaa, hakugeuka.

Vijana, nilikuwa na jibu mdomoni. Nilikuwa nimetoka nalo Kakamega.

Nikamwambia chai yake ni tamu, nikaomba kikombe kingine.